Wimbo wa haya na unga wa greve

Kila mara wimbo wa kuleta haya unatokea ku radio ao ku telefoni, tunagawanyika. Mumoja anasema: "Bakataze ile kintu!" Mwingine anaongeza sauti. Pasta anauhubiri, mukubwa wa Leta anatisha, mama anazima radio juu ya batoto. Kiisha mwezi moja tunausahau, na mwingine unakuja. Mu ile kelele yote kuna ulizo moja ambalo sisi wafanyakazi wa migodi hatuulizake mingi: wakati wote walikuwa wanaangalia wimbo, nini ilikuwa inapita pembeni?

Hapa kwetu hatukusahau mwezi wa 11 mwaka 2021. Commission ya censure ya Kinshasa ilikataza nyimbo, kati yao "Nini To Sali Te" ya vijana wa MPR na "Lettre à Ya Tshitshi" ya Bob Elvis. Zile hazikuwa nyimbo za kitanda. Zilikuwa zinasema juu ya maisha ya raia na juu ya utawala. Siku chache tu, katazo la ile ya MPR likaondolewa, na mu kambi zetu hata wazee ambao hawakujua MPR ni nani walikuwa wanaomba vijana: "Nioneshe ile wimbo."

Leo nataka tuangalie kesi moja ya mbali, ya Uingereza, mwaka 1984. Juu ya nini kwenda mbali vile? Kwanza, miaka 40 imepita na hesabu yote iko wazi juu ya meza. Pili, ile mwaka ile, mu ile inchi, wachimbaji wenzetu wa makala ya mawe (makala sawa ile ya Luena) walifanya greve ya mwaka karibu muzima. Wimbo na greve vilipita ku radio moja na mu magazeti yale yale. Tena ile habari haijaisha: mwezi wa 7 mwaka 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza uchunguzi rasmi juu ya siku moja ya ile greve, na kuuweka mu mikono ya askofu wa muji wa Sheffield. Nitafika pale. Tuanze na wimbo.

Vijana watano wa Liverpool

Orkestra iliitwa Frankie Goes to Hollywood. Vijana watano wa Liverpool, muji wa bandari. Ile wakati kazi ya bandari ilikuwa inakufa, na mu inchi nzima watu zaidi ya milioni 3 hawakuwa na kazi. Mwimbaji alikuwa Holly Johnson. Pembeni yake alisimama Paul Rutherford, na wengine watatu walikuwa wa kupiga vyombo. Wale wawili wa mbele hawakuficha kwamba ni wanaume wanaopenda wanaume. Sheria ya England na Wales iliacha kuhesabu ile mambo kuwa kosa tangu mwaka 1967, lakini paka kwa watu wa miaka 21 na zaidi, na mu siri ya nyumba. Ku kazi, mu jamaa na mu magazeti, ilikuwa ingali tusi.

Wimbo wao wa kwanza, "Relax", ulitoka mwezi wa 10 mwaka 1983 ku nyumba ya diski inaitwa ZTT. Aliyeutengeneza ni Trevor Horn, na aliurudilia mara kadhaa mpaka ukawa vile alitaka. Mutu aliyekomaa na rumba yetu, na gitaa zake zinaongeana sawa wazee chini ya muti, angeshangaa. Hii ni elektropopu, muziki ya mashine: klavye ya umeme, na ngoma ya mashine inayopiga bila kuchoka, sawa vile konkaseri ya usine.

Maneno yalikuwa ya mambo ya kitanda. Mwanzo, mbele ya magazeti, orkestra ilisema hapana, ni wimbo wa kupa mutu moyo. Baadaye wenyewe walikubali kwamba ilikuwa ile ile kila mutu alifikiri. Na haikutokea kwa bahati. Mu ZTT kulikuwa Paul Morley, aliyekuwa mwandishi wa habari za muziki. Yeye alipanga matangazo na pochette ya diski ili vichokoze watu. Tushike hii tangu sasa: mutu anayechokoza ana hesabu yake, na anayekataza ana yake.

Katazo na hesabu yake

Watu wanapenda kusema: "BBC ilikataza, njo maana wimbo uliuzika." BBC ni ile ile tunaijua kwa habari ya Kiswahili. Neno hili ni nusu ya kweli. Tufanye hesabu vizuri, sawa delege mbele ya karatasi ya mushahara.

Miezi miwili ya kwanza wimbo ulikuwa unapanda polepole. Mwanzo wa mwaka 1984 ulikuwa namba 35 tu. Tarehe 5 ya mwezi wa 1, televizio ya BBC yenyewe iliita orkestra mu programu yake kubwa ya muziki, Top of the Pops. Juma lililofuata wimbo ulikuwa namba 6. Kutoka 35 mpaka 6 hakukuwa katazo hata moja. Ilikuwa televizio.

Tarehe 11 ya ule mwezi, Mike Read, mutangazaji wa asubuhi ku Radio 1 ya BBC, alisema mbele ya wasikilizaji kwamba hataupiga tena, juu ya maneno yake na juu ya pochette. Siku mbili nyuma, BBC ikafunga mulango kabisa. Ni wimbo ambao radio ile ile ilikuwa imeupiga mara mingi tangu mwaka uliopita, na televizio ile ile ilikuwa imeuonesha kwa inchi yote. Mbele ya mwezi kuisha, wimbo ulikuwa namba 1. Ulibaki pale majuma 5.

Fikiri sasa haya ya BBC. Kila juma Top of the Pops ilikuwa inamaliza na wimbo wa namba 1. Namba 1 ilikuwa inajulikana, imeandikwa mu kila duka la diski, na wao hawakuweza kuupiga. Wakawa wanaonesha picha tu ya orkestra, kiisha wanapiga wimbo wa watu wengine. Radio za biashara na televizio ya Channel 4 ziliendelea bila wasiwasi. Mwisho wa mwaka katazo likatoshwa, na siku ya Noeli orkestra ikacheza "Relax" mu ile programu ile ile. Jumla, mu Uingereza peke yake, ziliuzika diski karibu milioni 2.

Hesabu inatufundisha nini? Katazo halikuzaa wimbo. Katazo lilichukua wimbo uliokuwa tayari unapanda, likaupa kitu ambacho matangazo hayawezi kununua: watu wote kuwa na ulizo moja mu kichwa, "Wanatuficha nini?" Mukubwa aliyekataza hakulinda mutoto hata mumoja, sababu mutoto alienda kuusikiliza kwa jirani. Aliyepata ni nyumba ya diski. Mu ile mwaka kuliuzishwa pia mashati yenye maneno makubwa ya "Frankie", na vijana waliyavaa mu kila muji. Haya ya mumoja iligeuka makuta ya mwingine.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini mwaka 1984 haukuishia hapa.

Mwezi wa 3, makala

Mwanzo wa mwezi wa 3, majuma machache nyuma ya ile kelele, kampuni ya makala ya Leta ilitangaza kwamba itafunga mashimo 20 na kutosha watu 20,000 ku kazi. Shimo la Cortonwood, mu Yorkshire, lilikuwa kati ya yale ya kwanza kutajwa. Sendika ya wachimbaji, NUM, chini ya Arthur Scargill, ilianza mugomo. Zaidi ya watu 100,000 waliacha kazi. Upande mwingine alisimama waziri mukuu Margaret Thatcher, ambaye alikuwa amejitayarisha: makala ilikuwa imelundikwa tayari, na polisi walikuwa wamepangwa ku inchi nzima.

Kwetu, mutu hana lazima ya kuelezwa nini maana ya shimo kufungwa. Tuliona Kamoto kubomoka mwaka 1990. Tuliona zile "kuondoka kwa mapenzi" za Gécamines za mwaka 2003 na 2004, ambapo watu zaidi ya 10,000 walitiliwa makuta kidogo mu mukono na kuagwa. Shimo likifa, haifi kazi tu. Inakufa masomo ya kambi, hospitali ya kambi, timu ya mpira, na heshima ya baba mbele ya watoto wake. Wachimbaji wa Wales na wa Yorkshire walijua hiyo. Njo maana walishika mwaka karibu muzima.

Na Leta ilijua nini kinavunja greve: njaa. Ku musaada ambao jamaa za wagomaji zilikuwa na haki ya kupata, serikali ilikata sehemu kila juma, kana kwamba sendika inalipa kila mugomaji. Sendika haikuwa inalipa. Kiisha tribinali ikashika makuta ya sendika. Mu mwezi wa 7, Thatcher, mbele ya wabunge wa chama chake, aliwalinganisha na adui wa ndani ya inchi. Mutu anayechimba makala ya kupasha nyumba yako moto, leo anaitwa adui.

Picha zilizogeuzwa

Sasa tufike ku ile siku ya uchunguzi. Tarehe 18 ya mwezi wa 6 mwaka 1984, wachimbaji maelfu walikusanyika Orgreave, karibu na Sheffield, ku usine ya kuchoma makala. Polisi maelfu waliwangoja, wengine juu ya farasi. Farasi zilitumwa ndani ya watu. Watu walipigwa fimbo ya kichwa.

Ile jioni, raia wa Uingereza waliona habari ku televizio ya BBC. Mu zile picha, wachimbaji wanarusha mawe, kiisha farasi zinatoka. Sawa vile polisi walijitetea. Lakini wale waliokuwa pale walisema mambo yalikuwa kinyume: farasi zilitoka kwanza, mawe yalifuata. Miaka ikapita mbele ya BBC kukubali kwamba picha zilipangwa kinyume. Ilisema ni kosa la kufanya kazi kwa haraka.

Wachimbaji 95 walipelekwa mbele ya tribinali kwa makosa makubwa, wengine kwa fujo ambayo ingewafunga maisha. Mwaka 1985 kesi zikaanguka, sababu ushahidi wa polisi haukusimama. Mwaka 1991 polisi wa South Yorkshire walilipa wachimbaji 39 jumla ya pauni 425,000. Hakuna polisi hata mumoja aliyefungwa.

Mimi sisemi kwamba watu wa BBC walikaa mu chumba wakapanga kudanganya. Sina haki ya kusema hivyo. Nasema kitu kidogo zaidi, na kwangu kizito zaidi. Nyumba ile ile, mwaka ule ule, ilikuwa na macho makali sana juu ya maneno ya wimbo wa vijana watano. Ilisikiliza kila neno, iliangalia kila picha ya pochette, iliamua kwamba raia wasiguswe na ile uchafu. Miezi 5 nyuma, picha za wafanyakazi wanaopigwa zilipita mbele ya macho yale yale, kinyume, na hakuna aliyesimamisha mukono. Wimbo mubaya ulikuwa unaweza kuharibu nini? Pengine usingizi wa wazazi wamoja. Picha iliyogeuzwa ilimufanya jirani wa muchimbaji amuone muchimbaji kuwa muuaji, na amunyime kilo ya viazi.

Na kama unataka kujua Uingereza ilikuwa inacheza wimbo gani ile juma ya Orgreave: namba 1 ilikuwa ya orkestra ile ile, na wimbo wake wa pili, "Two Tribes", juu ya wakubwa wawili wa dunia wanaopigana. Ulikaa namba 1 majuma 9, na "Relax" ukarudi kupanda mpaka namba 2 nyuma yake. Muziki ilikuwa inasema juu ya vita kati ya Marekani na Warusi. Vita ya ndani ilikuwa inapita mu uwanja wa Orgreave.

Wazee wetu wa Lubumbashi wanajua hii njia ya kuhesabu. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière walioomba mushahara walipigwa risasi hapa, mu uwanja wa mpira. Mukubwa ana kalamu, anaandika kwanza. Muchimbaji anaandika nyuma ya miaka 40, kama angali muzima.

Ndoo mbele ya duka la vitabu

Mu ile mwaka kulikuwa wimbo mwingine wa elektropopu, ambao haukukatazwa lakini uligusa donda lile lile. "Smalltown Boy", ya kikundi Bronski Beat, ulifika namba 3. Jimmy Somerville, mwana wa Glasgow, aliimba kwa sauti ya juu sana habari ya kijana anayetoka ku muji wake mudogo, juu hakuna anayemutaka vile alivyo. Hakuna maneno machafu mule. Kuna huzuni tu ya mutoto anayebeba valizi.

Mu London, katikati ya mwaka, vijana wamoja wanaume kwa wanaume na wanamuke kwa wanamuke walianza kikundi cha kusaidia wachimbaji. Mark Ashton na Mike Jackson walikuwa kati ya wale wa kwanza. Juma kwa juma walisimama na ndoo mbele ya duka la vitabu na mbele ya bari zao, wakiomba makuta ya greve. Watu wengine waliwatukana. Wao walisema: polisi wanaotupiga sisi ni wale wanaopiga wachimbaji, magazeti yanayotutukana sisi ni yale yanayotukana wachimbaji.

Na sababu tribinali ilikuwa imeshika kasha ya sendika, walifanya kitu ambacho kila delege anapashwa kukumbuka: hawakupeleka makuta ku bureau ya juu. Waliyapeleka moja kwa moja ku kikundi cha musaada cha mabonde ya Neath, Dulais na Swansea, kusini ya Wales, ambapo wanamuke wa wachimbaji walikuwa wanagawa chakula kila juma kwa jamaa za wagomaji. Makuta yasiyopita mu mikono mingi hayapotee njiani.

Tarehe 10 ya mwezi wa 12 mwaka 1984 walifanya konseri kubwa mu chumba cha Electric Ballroom, mu Camden. Jina la konseri lilikuwa "Pits and Perverts", ni kusema "Mashimo na Wapotovu". Walichukua tusi wanalotukanwa nalo kila siku, wakaliandika juu ya mulango. Bronski Beat njo walikuwa orkestra kubwa ya ile usiku. Zaidi ya pauni 5,000 ziliingia. Kwa jumla ile ndoo ilileta zaidi ya pauni 20,000.

Mu mabonde ya Wales haikuwa rahisi. Wale ni watu wa chapel, wa rugby na wa bia ya jioni. Kulikuwa wale walioguna. Lakini David Donovan, mutu wa kikundi cha Dulais, alikuwa ameenda London kuonana na hawa wageni, na wageni waliitwa kuja kulala mu nyumba za wachimbaji. Walikula pamoja. Walicheza pamoja mu chumba cha wafanyakazi cha Onllwyn. Mwanamuke mumoja wa ule musaada, Siân James, baadaye alikuwa mubunge.

Greve ilishindwa. Lazima kusema wazi. Tarehe 3 ya mwezi wa 3 mwaka 1985 sendika ilipiga kura ya kurudi ku kazi bila mapatano. Wengi walirudi nyuma ya bendera na fanfare yao. Watu walikuwa wamekufa, pande zote, na kati yao dereva wa taksi wa Wales, aliyeuawa na kipande cha beton wagomaji waliangusha wakati anapeleka muchimbaji ku kazi. Ile haina utetezi. Mashimo yalifungwa moja kwa moja, na la mwisho la chini ya ardhi, Kellingley, lilifungwa mwezi wa 12 mwaka 2015.

Lakini deni lililipwa. Mwezi wa 6 mwaka 1985, wachimbaji wa Wales walipanda karri wakaja London na bendera za sendika, wakatembea mbele kabisa ya maandamano ya wale vijana. Na ile mwaka, mu mukutano mukubwa wa chama cha Labour, kura za NUM zilisaidia kupitisha azimio la kutetea haki zao.

Sisi hapa

Najua kuna musomaji ambaye sasa anatikisa kichwa. Hapa kwetu, juu ya wanaume wanaopenda wanaume, kanisa lina neno lake na jamaa ina lake. Sikuandika hii ili kupindua imani ya mutu. Nasema juu ya unga. Mama wa Dulais aliyefungua mufuko wa chakula mu baridi ya mwezi wa 12 hakuulizwa anaamini nini. Na yeye alijua nani aliujaza, na nani alikuwa anangoja uishe ili bwana wake arudi ku kazi kwa magoti.

Tena, tusidanganyike upande mwingine. Wimbo wa kuchokoza si rafiki wa mufanyakazi paka juu wakubwa hawaupendi. ZTT ilifanya biashara. "Relax" haikulipa mugomaji mukate. Tofauti kati ya ile orkestra na ile konseri ya Camden si kwamba mumoja aliimba vizuri kuliko mwingine. Tofauti ni kwamba mumoja aliuzisha haya, na wale wengine walibeba haya yao mpaka ku mulango wa mwenye njaa.

Na mama anayezima radio juu ya batoto ana haki yake kamili. Ile ni nyumba yake. Tena kuna nyimbo zinazotukana wanamuke, na wanamuke wa sendika wana haki ya kusimama na kusema hapana. Mama anajibu mbele ya watoto wake. Lakini yule mwenye bureau na kalamu, akikataza, anajibu mbele ya nani?

Mu kampuni moja ambapo nilitumika, tulikuwa tumeweka kaye ya madai juu ya meza: maski za vumbi, basi ya wafanyakazi wa usiku, na kontra za vijana wa sous-traitance, ambao kila miezi mitatu wanaanza upya sawa vile hawakutumika hata siku moja. Juma ile ya mukutano, wakubwa waliita delege. Wakaanza na mambo ya nyimbo "chafu" ambazo vijana wanapiga mu basi. Saa mbili tulikaa juu ya nyimbo. Wamoja kati yetu walikubali sana, wakaongeza yao. Wakati tulifika ku maski, saa ilikuwa imeisha. "Mara ingine," wakasema. Wimbo ulikatazwa ile siku. Maski zilikuja nyuma ya miezi 7.

Hakuna aliyedanganya mu ile mukutano. Nyimbo zilikuwa kweli za haya. Njo sababu mutego ulishika: mutego muzuri unawekwa juu ya kitu cha kweli.

Kwa hiyo, ndugu delege, na wewe mama unayesoma hii gazeti pembeni ya mbabula, mara ingine kelele ya wimbo ikitoka, tusikimbilie upande moja ao mwingine. Tuulize maulizo matatu. Nani anakataza, na juu ya kazi yake anajibu mbele ya nani? Ile siku ile, ni habari gani ya mushahara, ya hewa ao ya ajali ilikosa nafasi ku radio? Na nani, siku ya njaa, alileta unga bila kuuliza jina la kanisa letu?

Askofu wa Sheffield amepewa kazi ya kutafuta nani alitoa amri Orgreave na nani alifanya polisi wengi waandike maneno yanayofanana mu ushahidi wao. Wachimbaji wengi walikufa wakingoja hiyo siku. Watoto wao wangali wanangoja. Juu ya "Relax", hakuna anayehitaji uchunguzi: leo ule wimbo unapigwa mu ndoa na mu duka za chakula, na hakuna muzazi anayegeuza kichwa. Haya ya wimbo iliisha mwaka ule ule. Ile ya picha zilizogeuzwa imefika mwaka wa 40, na ingali inadaiwa.